Magofu ya Kazi: Je, Karakana na Maghala ya Dar es Salaam Yana Uzuri?

Utangulizi

Katika vipindi vya fasihi tumezoea kusema kwamba ujumi ni taaluma inayochunguza uzuri. Tukishasema hivyo tunakimbilia shairi, utenzi au ngoma, na mjadala unaishia hapo. Ni mara chache tunajiuliza kama kuta za mji tunamoishi nazo zinaweza kuhakikiwa. Na siku tukijiuliza, tunaanza na yale yaliyo rahisi: Kanisa la Azania Front, Kanisa la Mtakatifu Yosefu, Ikulu, nyumba za balkoni za Uhindini. Hayo kila mtu anakubali kwamba ni mazuri, hata wageni wanayapiga picha. Lakini nenda Kariakoo, umwambie mchuuzi yeyote kwamba bati lenye kutu la karakana ya reli ni zuri. Atakutazama mara mbili, halafu atakuuliza kama umekula.

Makala haya yanalichukulia swali hilo kwa uzito wake. Yanajadili majengo ya kazi katika moyo wa Dar es Salaam na pembezoni mwa Kariakoo: karakana, stesheni, maghala, viwanda, na soko lenyewe. Mengi kati ya hayo yamezeeka, mengine yameungua, mengine yamehamwa. Hoja zetu ni tatu. Kwanza, mapokeo ya Kiswahili yana ujumi wa gofu tangu zamani, kwa hiyo suala hili halikuja na watalii. Pili, majengo haya yana uzuri wa fani unaotokana na kazi iliyofanyika ndani yake. Tatu, na hapa ndipo penye ubishi, uzuri huo ukitenganishwa na jasho la waliofanya kazi humo unageuka kuwa uongo. Wahenga walikwisha kusema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Gofu katika mapokeo yetu

Wapo wanaodai kwamba kupenda majengo yaliyobomoka ni ugonjwa wa Wazungu wa enzi ya ulimbwende, waliokuwa wakitembelea mabaki ya Roma na makanisa yaliyoezuliwa ili wapate huzuni tamu. Dai hilo lina ukweli kidogo tu. Msomaji wa fasihi ya Kiswahili anajua kwamba mwanzoni mwa karne ya 19, kule Pate, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi, na sehemu kubwa ya nguvu ya utenzi huo inatokana na nyumba zilizobaki magofu. Mshairi anaingia ndani ya majumba ya matajiri. Anaonyesha taa zilizokuwa zikiwaka, vidaka vilivyokuwa vimepambwa kwa vyombo vya Kichina, kumbi zilizokuwa zimejaa watu. Kisha anaonyesha ndege, popo na wadudu waliorithi makao hayo.

Tukubaliane kwamba beti hizo ni nzuri. Lakini uzuri wake una masharti. Mshairi hasemi, "Tazameni ukuta huu ulivyovunjika kwa madaha." Anauhoji moyo wake: waliokuwa hapa wako wapi? Gofu kwake ni shahidi anayeitwa kutoa ushahidi kuhusu dunia. Kwa istilahi za darasani tungesema kwamba fani ya gofu haisomeki bila maudhui yake, na maudhui yake ni watu waliotoweka.

Pwani yetu imejaa mashahidi wa namna hiyo. Ibn Battuta alipita Kilwa mwaka 1331 akausifu mji ule, na leo Kilwa Kisiwani pamoja na Songo Mnara ni magofu yaliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1981. Kaole, karibu na Bagamoyo, watu huenda kwa ziara na kwa dua. Hakuna anayewacheka. Sasa swali linakuja lenyewe: kwa nini ukuta wa matumbawe wa karne ya 14 uitwe urithi, lakini kenchi za chuma za karakana ziitwe skrepa? Jibu la haraka ni umri. Jibu la kweli, kwa maoni yetu, ni tabaka. Majumba ya Pate na Kilwa yalikuwa ya masultani na wafanyabiashara wakubwa. Karakana ilikuwa ya fundi, na ghala lilikuwa la kuli. Tumefundishwa kuomboleza makasri, hatukufundishwa kuomboleza mahali pa kazi.

Gerezani: nyumba ya kazi

Neno "karakana" lina asili ya Kiajemi, na maana yake ya msingi ni nyumba ya kazi. Ni jina zuri kuliko "kiwanda", maana linamtaja binadamu kabla ya bidhaa. Katika Dar es Salaam, nyumba ya kazi iliyozaa nyingine nyingi ni karakana ya reli.

Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, mwendo wa kilometa zipatazo 1,250. Mji ulijipanga upya kuifuata njia hiyo. Hata umeme wa kwanza wa mji, mwaka 1908, uliwekwa kwa ajili ya karakana za reli na ile sehemu walimokaa wakoloni. Maana yake ni kwamba mashine iliona taa ya umeme kabla ya Mswahili wa Kariakoo.

Eneo lililobeba shughuli hizo, kati ya bandari na Kariakoo, tunaliita Gerezani. Wanaisimu wengi wanaona kwamba neno "gereza" limetokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Tazama basi safari ya neno moja: kutoka kanisa hadi jela, kutoka jela hadi mtaa wa makota na karakana, na tangu mwaka 2016, mabasi ya mwendokasi yalipoanza, Gerezani ni jina linalosomwa kwenye kibao cha kituo cha mwisho. Majengo yanabomolewa, majina yanabaki. Pale Samora, sanamu ya askari iliyosimamishwa mwaka 1927 wazee bado wanaiita Bismini, jina lililotoka kwa Wissmann, Mjerumani ambaye sanamu yake ilikuwa imesimama hapohapo kabla Waingereza hawajauteka mji mwaka 1916. Sanamu iliondoka, jina likahamia kwa mwingine. Jina ni gofu linaloishi mdomoni.

Turudi kwenye karakana. Kama tunataka kuhakiki fani yake, tuanze na paa. Jengo la kazi la enzi ile halina pambo la kukusudia. Paa ni la bati kwa sababu bati ni jepesi. Kenchi za chuma ni ndefu kwa sababu nguzo katikati ya sakafu zingeyazuia mabehewa. Madirisha yamewekwa juu kwa sababu fundi anahitaji mwanga unaoangukia mikono yake bila kumchoma machoni, na kwa sababu joto la Dar es Salaam lazima litafutiwe pa kutokea. Kila mstari una sababu. Hapo ndipo uzuri wa kwanza ulipo: umbo linalosema kweli kuhusu kazi yake. Ni uzuri wa jembe, uzuri wa kinu na mchi, uzuri wa ngalawa. Mababu zetu hawakuchonga ngalawa ili ipendeze kwenye kadi. Waliichonga iende baharini na kurudi, ikapendeza.

Kutu inapoingia, uzuri wa pili unaanza, nao ni wa wakati. Bati jipya linafanana na bati jipya lingine lolote. Bati lililokaa miaka 60 karibu na chumvi ya bahari lina rangi zake, kahawia, nyekundu, machungwa, na lina mistari ya maji ya mvua za masika ambayo hakuna mchoraji aliyeichora. Jengo limeandikwa na hali ya hewa. Mwandishi wa tatu ni mfanyakazi mwenyewe: sakafu iliyochimbika mahali fundi alipozoea kusimama, mpini uliong'aa kwa kushikwa, jina lililokwaruzwa ukutani kwa msumari.

Tena majengo haya yana sauti ya historia ambayo haisikiki kwenye balkoni za Uhindini. Makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma mwaka 1939. Mwaka 1947 waligoma tena, na safari hiyo mgomo uliifuata reli na kuenea bara, jambo ambalo mwanahistoria John Iliffe amelieleza katika uchunguzi wake kuhusu makuli hao. Mwaka 1960 wafanyakazi wa reli wenyewe waligoma kwa zaidi ya miezi miwili, uhuru ukiwa unabisha hodi. Katika fasihi, Shafi Adam Shafi alitupa Kuli (1979), riwaya inayoegemea harakati za makuli wa Unguja na mgomo wa mwaka 1948. Aliyesoma Kuli hawezi kupita mbele ya ghala la bandari akaona ukuta mtupu. Anaona magunia, anaona migongo.

Tangu Juni 2024 treni ya umeme inasafirisha abiria kutoka stesheni mpya inayong'aa kama tanzanaiti. Ni kitu cha kujivunia, na nani asiyetaka kufika Morogoro haraka? Ila wahenga walituonya pia kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Tusije tukaingia stesheni mpya tukiwa tumesahau waliolala kwenye mabehewa ya zamani.

Kariakoo: soko ambalo ni mtambo

Sasa tuingie Kariakoo penyewe. Kila mwanafunzi anajua kwamba jina linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Wajerumani walikuwa wamejenga hapo ukumbi mkubwa kwa ajili ya maonyesho yaliyopangwa mwaka 1914, reli ikiwa imefika Kigoma. Vita vikaingilia. Waingereza walipouteka mji, eneo likawa kambi ya wapagazi, wale Waafrika waliobebeshwa chakula na risasi za vita visivyokuwa vyao, na ambao walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa. Mwaka 1923 ukumbi ule ukawa soko. Kwa hiyo kabla hata nyanya ya kwanza haijauzwa, mahali hapa palikwisha kuwa ukumbusho wa watu wanaobeba mizigo. Na mpaka leo, bwana, angalia wachukuzi wa Kariakoo wanavyopita na mikokoteni, uniambie kama jina limepitwa na wakati.

Jengo kubwa la soko tunalolijua lilifunguliwa na Mwalimu Nyerere Desemba 1975. Msanifu wake alikuwa Beda Amuli, Mtanzania aliyesomea usanifu majengo Israeli, na ambaye kwa kawaida anatajwa kuwa Mwafrika wa kwanza katika Afrika Mashariki kufungua ofisi yake mwenyewe ya usanifu. Wengi wanapita chini ya kazi yake bila kujua jina lake. Mshairi tunamtaja, mtunzi wa riwaya tunamtaja; msanifu wa soko tunamwita "serikali".

Hebu tulihakiki jengo hilo kama tunavyohakiki tamthiliya. Jukwaa lake ni la ghorofa kadhaa, na moja liko chini ya ardhi, ndilo wafanyabiashara waliloliita Shimoni. Paa lake ni la zege. Nguzo zinapanda kutoka sakafuni, na zikifika juu zinafunguka kama miavuli iliyogeuzwa, mdomo ukitazama mbingu. Mvua ikinyesha, mwavuli wa kawaida hutupa maji nje. Hii iliyogeuzwa iliyapokea na kuyateremsha kuelekea hifadhi ya chini. Nafasi zilizoachwa kati ya miavuli ziliingiza hewa na mwanga bila feni wala taa nyingi. Ukisimama katikati unaona msitu. Amuli alichukua soko la jadi, lile la chini ya mwembe au mbuyu, akaligeuza kuwa zege bila kulifanya liwe picha ya kitalii ya Afrika. Hakuna msonge, hakuna kinyago kilichobandikwa mlangoni. Kuna wazo tu: kivuli, hewa, maji, na watu wengi kwa wakati mmoja.

Soko hili ni jengo la kazi kwa maana kamili. Ni mtambo wa kugawa chakula: magari yanashusha, jumla inageuka rejareja, fungu la mchicha linatoka kwenda Magomeni, Temeke na Buguruni. Na kama mitambo yote, lilichakaa. Miaka ilivyopita zege lilipauka na kushika weusi wa moshi na vumbi, vibanda vikaongezwa juu ya vibanda, nyaya zikaning'inia. Watu wa mjini wakasema limekuwa baya. Sisi tunasema lilikuwa limesomwa sana, kama kitabu cha maktaba ambacho kurasa zake zimelegea kwa sababu kila mtu anakitaka.

Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko likaungua. Moto uliteketeza bidhaa na mitaji ya watu waliokuwa wamejenga maisha yao humo. Asubuhi yake zege la Amuli lilikuwa bado limesimama, jeusi, na mwanga ukiingia mahali palipokuwa na mabanda. Picha zilienea. Wapo waliosema, tena kwa nia njema, kwamba jengo lilionekana zuri kuliko miaka yote, maana hatimaye mifupa yake ilionekana. Hapa mhakiki anabanwa kweli. Kwa upande wa fani, walisema kweli: moto ulifagia vibanda na ukatuonyesha wazo la msanifu. Kwa upande wa maudhui, mama aliyekuwa na gunia 20 za viungo Shimoni hana uzuri wa kuuona pale. Anaona majivu na deni. Ujumi usioweza kubeba mambo haya mawili kwa pamoja ni ujumi wa mtu aliyeshiba.

Serikali iliamua kulikarabati jengo kubwa na kujenga jipya mahali pa soko dogo. Tunaona uamuzi wa kulikarabati, badala ya kulibomoa lote, ulikuwa na hekima, hata kama haukuchukuliwa kwa sababu za ujumi. Jengo la kazi linaheshimiwa zaidi likirudishiwa kazi.

Viwanda vya Azimio na gofu la ahadi

Mbele ya Gerezani, kufuata njia iliyoitwa Barabara ya Pugu na sasa inaitwa Nyerere, na upande wa pili kuelekea Ubungo, kuna viwanda vya enzi ya Azimio la Arusha na vilivyotangulia kidogo. Kiwanda cha Urafiki kilianza mwaka 1968 kwa msaada wa China. Kilisokota, kikafuma, kikachapa kanga na vitenge. Uzuri wa kiwanda kile haukukaa ukutani. Ulitoka getini ukiwa umekunjwa, ukafika Kariakoo, ukafungwa viunoni na mabegani, ukasema maneno yake kwenye harusi na misiba. Ukitaka kujua kwa nini watu wanasikitika kiwanda cha nguo kinapolala, usiulize bei ya kiwanja. Uliza ni nani alizaliwa akapokelewa kwa kanga iliyotoka humo.

Na ndani ya kuta hizo kulikuwa na siasa. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwaambia wafanyakazi kwamba kiongozi hana haki ya kuwa na majivuno na ubabe. Wafanyakazi wakausoma kama ulivyoandikwa. Mwaka 1973, katika kiwanda cha mpira cha Mount Carmel hapa Dar es Salaam, walimweka nje mwajiri wakaendelea kuzalisha wenyewe. Issa Shivji amelijadili tukio hilo katika Class Struggles in Tanzania (1976). Sisi tunaozungumza habari za "wahusika" na "migogoro" kila siku, mgogoro ule ulikuwa na wahusika wa damu na nyama, na jukwaa lake lilikuwa sakafu ya kiwanda.

Yaliyofuata yanajulikana. Vita vya Kagera, uhaba wa fedha za kigeni, vipuri kukosekana, kisha masharti ya marekebisho ya uchumi kuanzia mwaka 1986, na ubinafsishaji wa miaka ya 1990. Urafiki yenyewe iliingia ubia na Wachina mwaka 1996, na uzalishaji haukurudi ulivyokuwa. Viwanda vingi nchini vilivyouzwa viligeuzwa maghala ya bidhaa kutoka nje, na mitambo mingine iliishia kwenye mizani ya chuma chakavu. Gofu la kiwanda cha Azimio ni tofauti na gofu la Kilwa. Kilwa inatukumbusha enzi iliyokwisha. Kiwanda kilicholala kinatukumbusha ahadi ambayo haikutimizwa, na waliopewa ahadi hiyo wengine bado wako hai, wanauza maji na karanga nje ya geti lilelile.

Uzuri wa nani?

Huko nje ubishi huu una historia ndefu. Ujerumani, Bernd na Hilla Becher walianza mwaka 1959 kupiga picha matangi, tanuri na minara ya migodi iliyokuwa ikikaribia kuvunjwa. Walizipanga picha zao kwa safu kama mtu anayelinganisha nyuso za ndugu. Mwaka 1990 walitunukiwa tuzo Venice, na ilikuwa tuzo ya uchongaji, ingawa kazi zao zilikuwa picha. Yaani waamuzi walikubali kwamba mhandisi asiyejulikana jina alikuwa mchongaji. London, kituo cha umeme cha Bankside kilichofungwa mwaka 1981 kilifunguliwa tena mwaka 2000 kama jumba la sanaa, Tate Modern. Detroit, kwa upande mwingine, wapiga picha waliomiminika kwenye viwanda vya magari vilivyohamwa walilaumiwa na wenyeji: kwenye picha zenu, walisema, mbona hatumo?

Lawama hiyo ya Detroit inatuhusu. Mwanafunzi mwenye kamera anayekwenda Gerezani kutafuta kutu, akasubiri wachukuzi wapite ndipo apige picha, anafanya kosa la kiuhakiki, ukiacha adabu. Anaiondoa maana akabaki na fani. Kwa lugha ya mtaani, anachukua ganda anamwacha ndizi.

Kuna pingamizi kubwa zaidi. Mtu atasema: nyie wasomi mnapamba majengo mabovu huku watu wanafukiwa. Pingamizi hili halina mzaha. Machi 2013 ghorofa lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilianguka likaua watu zaidi ya 30. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa liliporomoka Kariakoo, likaua zaidi ya 20. Lakini angalia vizuri. Yale hayakuwa magofu ya zamani yaliyoachwa kwa sababu mtu aliyaona mazuri. La kwanza lilikuwa jipya kabisa, halijakwisha. La pili lilikuwa likifanya biashara. Kinachoua ni haraka ya faida na usimamizi mbovu. Anayelipenda jengo kuukuu kwa kweli ndiye wa kwanza kuuona ufa, maana yeye huutazama ukuta, na wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kupenda jengo bila kulikagua ni unafiki. Kulikagua na kulitia nguvu ndiko kuhakiki kwa vitendo.

Sheria nayo haitusaidii sana. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyokuwepo kabla ya mwaka 1863. Ya baadaye yanasubiri waziri ayatangaze. Sultani Majid bin Said alianza kujenga mji wake hapa Mzizima katika miaka hiyohiyo ya 1860. Kwa maneno mengine, karibu Dar es Salaam nzima ni changa mno mbele ya sheria. Reli ni changa, soko la Amuli ni changa, Urafiki ni mtoto mchanga. Tukisubiri wazeeke, hawatakuwepo.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba uzuri wa majengo ya kazi yaliyochakaa upo, na kwamba una ngazi tatu: umbo linalosema kweli kuhusu kazi, alama za wakati, na kumbukumbu ya watu. Ngazi ya tatu ndiyo inayozishikilia mbili za kwanza. Al-Inkishafi ilitufundisha hivyo miaka 200 iliyopita, na hatuna sababu ya kuuazima ujumi wa gofu kutoka nje wakati wa kwetu upo.

Mifano ya kuanzia ipo. Boma la Kale la enzi ya Majid lilikarabatiwa, na mwaka 2017 likafunguliwa kuwa kituo cha urithi wa usanifu majengo cha Dar es Salaam. Nafasi Art Space, Mikocheni, iliyoanzishwa mwaka 2008, imeonyesha kwamba wasanii wanaweza kufanya kazi katika maghala na makontena bila kungoja jumba la marumaru. Gerezani inastahili angalau chumba kimoja cha karakana chenye zana, picha na sauti za mafundi wa reli, na wa kuzikusanya sauti hizo tupo: sisi tuliofundishwa kurekodi ngano vijijini. Kinasasauti kilekile kinafaa kwa mzee aliyekuwa akiendesha mtambo Urafiki.

Kuna msemo kwamba la kuvunda halina ubani. Ni kweli kwa mzoga. Kwa jengo la kazi, ubani upo, nao ni jina. Tuanze kwa kuyataja: jina la msanifu, jina la mtaa, jina la mgomo, majina ya waliobeba. Bulidoza likifika kabla yetu, litakuta ukuta usio na jina, na ukuta usio na jina hakuna anayeutetea.